Ukuta Sitaukwangua

Nyaishozi, Karagwe,
16 Agosti 1953

Mpendwa mdogo wangu Aristides,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hujambo huko Mwanza? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa usiku? Sisi hatujambo. Kahawa tumeanza kuianika, na migomba imestahimili kiangazi. Tunamshukuru Mungu.

Fundi Egbert alifika Jumatatu na chokaa. Akasema umemwagiza akwangue michoro yangu yote, nyumba irudi kuwa nyeupe kabla mchumba wako Celestina na wajomba zake hawajaja Krismasi. Nimemrudisha. Alikula ndizi na maharage, akashukuru, akaenda zake na chokaa yake. Usimgombeze fundi wa watu. Nigombeze mimi.

Unasema nakuaibisha, eti nyumba ya karani haipakwi mavi ya ng'ombe. Nimekasirika, mdogo wangu, wala sifichi. Nyumba umeijenga kwa mshahara wako, sikatai. Lakini tunaolala humo ni mama na mimi, na asiyekuwapo na lake halipo.

Hata hapa wananicheka. Jirani yetu Jovitha aliniona natoka kwa Kahigi mfugaji na kikapu cha samadi kichwani, akasema, "Wenzako wanalisha migomba, wewe unalisha ukuta!" Nikacheka naye, kisha nikaendelea na kazi. Samadi naichanganya na majivu, nafinyanga kwa vidole mistari inayotokeza ukutani. Ikikauka naipaka nyeusi ya masizi na utomvu wa mshubiri, na nyeupe ya udongo wa bondeni.

Ukuta mmoja nimeweka pembe za ng'ombe, kama walivyochora kwao mama, kwa wafugaji wa Kibingo. Ukuta wa pili nimeweka majani ya mgomba, kwa ajili ya marehemu baba na wakulima wa kwao. Pale kwenye kona, pembe na majani yanapokutana, sikuwa na wa kumwiga, nikatunga mwenyewe. Unakumbuka tulipokuwa wadogo? Wafugaji walituita watoto wa migomba, wakulima wakatuita watoto wa maziwa, nawe ukirudi nyumbani unalia. Wewe dawa yake umeitafuta Mwanza. Mimi nimeipata kwenye kona ile. Nikiitazama najua mimi ni nani, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Kuna jambo hujaambiwa, kwa sababu mama mwenyewe alinikataza kukuandikia. Macho yake yameingia ukungu, sasa anaona mwanga tu. Kuta zilipokuwa laini alikuwa anapotea ndani ya nyumba yako, anajigonga mlangoni, anakaa chini kwa hasira. Siku hizi anapitisha kiganja ukutani. Akigusa pembe anajua anaelekea uani. Akigusa mgomba anajua kitanda chake ki karibu. Juzi alinikosoa, akasema ng'ombe wa kwao hawakuwa na pembe fupi namna hiyo. Ikabidi nizirefushe.

Basi walete wageni wako. Tutawapikia, tutawapokea kwa heshima zote. Celestina akiuliza habari za ukuta nitamweleza mwenyewe, na kama anaona haya kuolewa kwetu, afadhali ajue mapema. Ila fundi mwingine akija na chokaa, atanikuta nimesimama mlangoni.

Nisalimie Kashaija na wenzetu wote wa Karagwe mlio nao huko. Shangazi Edvina anakusalimu, na mumewe Novatus pia. Mama anakusalimu kuliko sisi sote. Anakuombea Mungu akulinde kazini na barabarani, akufikishe nyumbani salama.

Chumba chako sikukigusa, ni cheupe vile vile ulivyokiacha. Mama haingii humo. Anasema akipapasa ukuta wake, hakuti mtu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,

Deodatha