Vijiko Viwili, Mdomo Mmoja

Bi Makavu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi hapa kazini, maana nyumbani kwangu siku hizi siwezi hata kukohoa bila kuulizwa nakohoa upande wa nani. Naomba msaada wako kabla paa halijaniangukia.

Mimi ni fundi rangi, nina mke mmoja, mama mzazi mmoja, na mtoto wa kiume wa mwaka na nusu tunayemwita Bosi kwa sababu humo ndani ndiye pekee anayesikilizwa, na tulikuwa tunaishi vizuri tu mpaka siku mama alipofunua sufuria ya mke wangu mbele ya wageni, akaonja, akakunja uso, akaongeza chumvi bila kuuliza, na kuanzia hapo hawasemeshani, wakitaka kuambiana kitu wanamtuma mtoto, "Bosi, mwambie bibi yako maji ya kuoga yako tayari," na bibi naye, "Bosi, mwambie mama yako nimesikia, sijaziba masikio," na huyo Bosi mwenyewe maneno anayoyajua ni mawili, "hapana" na "maji".

Sasa Bosi kapata mafua, pua zinatiririka, kikohozi kinambana, mke wangu akaenda duka la dawa akanunua chupa ya dawa ya mafua na kikohozi ya watoto, akaificha nyuma ya unga, akaniapisha nisimwambie mama maana atasema hajui kulea, na jioni hiyohiyo mama akanivuta uani akanionyesha chupa yake, ile iliyobaki alipougua kifua yeye mwenyewe, akasema anampa Bosi kijiko mke wangu akitoka kuanika nguo, naye akaniapisha nisimwambie mkwewe maana ataambiwa anaingilia, nami nikaapa kotekote, Bi Makavu, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nikaona mtoto anapigwa dozi mbili, na mimi si mjinga, nikatumia akili ya kazi, rangi ikiwa nzito si tunaongeza maji, basi nikazichukua zile chupa kwa siri, nikamwaga nusu, nikajazia maji, nikatikisa, nikajiambia nusu na nusu ni moja, mambo kwisha. Kumbe! Mke wangu akaona dawa haifanyi kazi, akaongeza kijiko, mama naye akalalamika kwamba dawa za siku hizi ni maji matupu, hapo nikabana kicheko, naye akaongeza, na kijiko chake ni kile kikubwa cha kulia. Tangu jana Bosi analala tu, leo asubuhi nikitoka nyumbani ngazi yangu imeniponyoka ikaanguka sakafuni, puu, mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa, Bosi hakufumbua hata jicho, mama anasema usingizi ni dawa, mke anasema afadhali ametulia, na mimi roho haitulii.

Sasa swali langu, nimwambie nani kwanza? Nikianza na mke, mama ataona nimemsaliti, nikianza na mama, mke atafunga virago. Nikae upande wa nani?

Fundi Rangi Aliyebanwa Mlangoni

BI MAKAVU ANAJIBU

Marahaba, fundi. Barua yako iliingia kwenye simu ya ofisi nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nikasoma, nikacheka ile ya chumvi, nilipofika kwenye ngazi chai ikanishinda. Nikakupigia. Ukapokea, ukasema, "Bi Makavu, niko juu napaka dari, nitakupigia baadaye." Nikakwambia shuka. Ukaniuliza, "Nikishuka nimwambie nani kwanza?" Ewe Mola, nipe subira! Nikakwambia usimwambie mtu, kambebe mtoto, beba chupa zote mbili, na hao wanawake wako wakufuate nyuma, muende hospitali sasa hivi. Mtoto asiyeamka kwa kishindo hangoji gazeti litoke.

Na kwa kuwa jana ulinipigia kuniambia Bosi ameamka, amekunywa, na amemwambia nesi "hapana" mara nyingi tu, sasa nina ruhusa ya kukufokea. Kaa kwenye ndoo yako.

Umenisimulia mwenyewe ilivyokuwa kwa daktari. Kauliza swali jepesi, "Mtoto amepewa nini, na kiasi gani?" Mkeo kataja yake. Mama yako kataja yake. Wakatazamana kama watu waliokutana kwa mganga mmoja. Ndipo wewe, baba mwenye nyumba, ukakohoa kidogo ukaongeza la maji, na daktari akavua miwani. Mmoja hajui mwenzake anatoa nini, na wa tatu kazichakachua zote mbili! Daktari angepimaje dozi hapo? Ikabidi mtoto alazwe, akae chini ya uangalizi, kwa sababu hakuna mtu mzima hata mmoja kati yenu aliyejua kilichoingia tumboni mwake. Mimi nilisikia uchungu, fundi, nisikufiche. Mtoto wa watu watatu, hana hata mmoja.

Ukipewa kopo la rangi unasoma maandishi mpaka chini kabisa, kwa sababu ukuta ukibambuka utalipa. Ya dawa hukuyasoma. Mfamasia ninayemsumbua kila mara ameniambia zile chupa mbili zinaingiliana, zote zina dawa ya kusinzisha. Kwa hiyo ule usingizi alioufurahia mama yako haukuwa nafuu, mtoto alikuwa amelewa. Na maji hayapunguzi ujinga. Chupa ukishaijaza maji haina kipimo tena, mwaga yote, na usimwage mahali Bosi anapofikia.

Sasa sikiliza, na uwasomee na wenzako. Mtoto wa umri wa Bosi hapewi dawa za mafua na kikohozi za dukani mpaka daktari aseme. Ya mtu mzima hapewi kabisa, hata kwa kuilamba. Mafua ya kawaida huisha yenyewe, yanachosha lakini yanaisha. Mnyonyesheni, mpeni vinywaji mara kwa mara, pua mzisafishe kwa matone ya maji ya chumvi yale ya duka la dawa (na mama asiyaonje). Kijiko kidogo cha asali kinatuliza koo kwa kuwa ameshapita mwaka, aliye chini ya mwaka haruhusiwi asali. Akichemka, muulizeni mhudumu wa afya dawa ya homa na kiasi kinachofaa uzito wake, na dawa ipimeni kwa kibomba au kikombe kilichokuja nayo. Vijiko vya jikoni viachieni chakula. Anayetoa dawa awe mmoja tu, na akitoa aseme kwa sauti, nyumba nzima isikie. Mkimwona anahema mbiombio, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, midomo inageuka rangi, anakataa kunywa, au haamki kama ulivyoona, msiitane vikao, kimbieni.

Bi mkubwa, najua unasoma. Ulilea na ukakuza, hakuna anayekupokonya hilo, lakini dawa yako ni yako. Na wewe mke, chupa nyuma ya unga ya nini? Mnafichana kama wezi, na anayeibiwa ni mwanao.

Uliniambia kwamba pale hospitali, Bosi alipofumbua macho, mama yako alimgeukia mkeo akasema, "Mwanangu, hebu mpe maji." Moja kwa moja, bila kumtuma mtu. Basi wameanza, usiwaharibie kwa busara zako.

Na lile swali lako, ukae upande wa nani. Fundi, humo ndani yuko mtu mmoja ambaye hutumwa maneno asiyoweza kuyasema, na akiletewa kijiko hufungua mdomo kwa sababu anawaamini. Kaa upande wake.