Mlio Ambao Kompyuta Haikuutoa

Jumanne, jioni



Leo kazini, kwenye kituo cha redio, nilikuwa najaribu programu ya kurekodi kwa kadi ya sauti ya bandia, ile ya ndani ya kompyuta tu, isiyo na maikro ya kunasa sauti za nje. Niliipa kimya tupu irekodi. Ghafla nikasikia mlio mzito kupitia kaske niliyovaa masikioni. Nikadhani programu ina kosa, lakini mstari wa sauti kwenye skrini haukutikisika.

Nikavua kaske. Mwenzangu Kavira alikuwa amesimama dirishani.

"Ni bombu," akasema. "Upande wa Kibumba."

Mama na Papa wanaishi Kibumba.

Nilipiga simu mpaka jioni, ndipo Mama akashika. "Nimekimbia, nimefika Munigi. Usikuje, mutoto wangu."

Simu ikakatika. Alisema "nimefika". Hakusema "tumefika".