Nani Kasogeza Kiti cha Pikapu?

Wa nyumbani,

Chai iko kwenye chupa. Pikapu isiguswe!

Jana nilimaliza kufunga ile pampu ya kurusha maji kwenye kioo cha mbele, nikajaza tangi lake pomoni. Leo asubuhi nimelikuta tupu, kioo kinang'aa, na kila ninayemuuliza anaapa alikuwa usingizini. Njia ya mwongo ni fupi: kiti cha dereva kimesogezwa mbele mpaka kwenye usukani.

Mwenye miguu mifupi humu ndani ni mmoja tu, naye aliapa haendeshi tena mkweche huu tangu tope lilipoziba kioo tukatumbukia mtaroni.

Mama watoto, ~~rudisha kiti~~ kiache hapohapo. Maji nimejaza tena. Ila kesho niamshe, nikae upande wa abiria.

Baba watoto