Chunjua za Majani

Shika Adabu, Likoni
12 Mei 1989

Kaka yangu Matano,

Pokea salamu za dada yako, na za nyumba nzima. U hali gani na baridi ya Nakuru? Kikohozi kimekuacha? Sisi miili ni mizima, alhamdulillahi, nami nimejifungua salama mtoto wa kike. Roho ndizo hazijatulia.

Waujua mkono wa mama: mtaa mzima umepanda miembe kwa miche yake. Mwaka huu majani machanga yametoka na vinundu vigumu, jani zima limejaa, mfano wa chunjua. Na chunjua za mikono ya mama wazijua pia. Jirani yetu Mwinyihaji ndiye aliyeanza kusema kwamba mama ameiambukiza miti. Nilicheka, kaka, nikidhani ni utani wake wa kila siku. Haukupita muda watu wakaanza kuing'oa miche.

Nikamwendea bwana shamba, Mkamba mmoja aitwaye Mutua. Akaja, akapasua jani mbele ya watu, akawaonyesha kifunza cha manjano ndani ya kinundu. Akaeleza kuwa kuna mdudu arukaye, mdogo kuliko mbu, anayetaga kwenye majani machanga, na jani huvimba kumzunguka mtoto wake. Laiti asingelipasua! Mwinyihaji akauliza funza ameingiaje, na jani halina tundu. Mutua akarudia habari ya yai, lakini watu walishakubaliana kwamba kumtia mdudu ndani bila kutoboa, huo ndio uchawi wenyewe. Sasa hakuna apokeaye hata maji mkononi mwa mama, na wapo wasemao asipohama nyumba itatiwa moto.

Mama alitwaa maganda mabichi ya korosho, akazipaka chunjua zote mafuta yake makali ili ziungue, mikono ikababuka hata hawezi kujifunga leso. Nilimgombeza huku nalia. Watu wakasema anaficha ushahidi. La kuvunda halina ubani.

Lakini kaka, si moto unaoninyima usingizi. Mama ameanza kuamini. Tangu nijifungue hajampakata mwanangu. Nilidhani ni maumivu. Mikono imepona, na bado hamgusi. Jana nilimweka mtoto mapajani pake, akapiga kelele nimwondoe, akasema nisije nikamlaumu siku ngozi yake itakapotoka vinundu. Nikamwapia wallahi hana kosa lolote. Akaniuliza mimi nimejuaje, ilhali yeye mwenyewe hajui tena.

Njoo, Matano. Mimi hanisikii. Njoo umshike mikono hiyo, watu wote wakiona.

Nisalimie wifi Kadzo na watoto. Mama hajui kuwa nimeandika, basi salamu zake nakupa bila ruhusa yake. Mtoto nimempa jina lake, Mwanasaumu, naye hataki kumwita kwa jina hilo.

Ni mimi nduguyo,
Mwanatabu