Mwezi wa Saa Moja na Nusu

Juu ya ghorofa, Hai Amarat, Juba
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Peace ametia kifuniko cha lenzi mdomoni sasa hivi, akakitema, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyempikia chakula kibaya. Nimemfuta mate, nimekifuta na kifuniko, nimemfunga mgongoni tena. Ukiona mwandiko unaruka ujue ni miguu yake.

Salamu nyingi, Mama. Goti linaendeleaje? Mihogo imeshika baada ya ile mvua? Sisi ni wazima. Peace ana meno sita na anayatumia yote. Philip, wewe jirani unayemsomea Mama, nakusalimu pia. Nakuomba usome kwa sauti, usiruke hata mstari. Kama majirani wamekaa hapo, waache wakae.

Mama, ujumbe wako ulinifikia. Umesema leo mwezi unakufa, nifunge mlango kabla ya jua kuzama, nimfunike mtoto, nisitoke hata kwenda chooni. Nimekusikia vizuri. Na nimetoka. Niko juu ya paa, kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, nimeining'inizia mfuko wa mawe ili upepo usiitikise, na mjukuu wako yuko hapa hapa mgongoni. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningenyamaza kama siku zote.

Kamera ni ya Apollo, yule Mganda mwenye studio ninakopiga picha za pasipoti. Nilipomwomba aniachie kwa jioni moja alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza tangu lini mama mwenye mtoto mgongoni anapiga picha za mbinguni, tena kwa jicho moja. Nikamjibu kwamba kamera yake nayo ina jicho moja na hajawahi kuitukana. Phiona, anayetuuzia chai pale mlangoni, aliangusha kikombe kwa kicheko.

Ila kazi hii haitaki maneno tu, Mama, inataka kupangwa. Mwezi mpevu wa Agosti nilipanda hapa jioni tatu mfululizo kuona unatokea wapi, nikachora alama ya chaki ukutani. Apollo akasema basi, tutaelekeza hapo hapo. Nikamwambia hapana, mwezi huu utatoka kushoto zaidi, haurudi mlango ule ule. Nataka picha moja kila dakika kumi, kamera isisogezwe, tangu unapoanza kuliwa mpaka unapopona. Ukishakuwa mwekundu mwanga ni mdogo, inabidi kuiacha kamera wazi sekunde mbili. Ukizidisha, mwezi unatembea na kutoka kama yai. Na ni huku juu tu, maana barabarani ukitoa kamera utaulizwa kibali na askari mpaka mwezi upone wenyewe.

Tuligombana sana kuhusu saa. Ndugu yake Apollo alimwandikia kutoka Kampala kwamba mwezi utakuwa mwekundu wote saa mbili na nusu. Nikasema hapa kwetu ni saa moja na nusu. Akaniuliza kama Juba ina mwezi wake. Saa yake ya mkononi haijawahi kurudishwa nyuma tangu serikali ibadilishe saa huku, inakwenda kwa Kampala mpaka leo. Phiona akampigia dada yake kule, akamuuliza tu ni saa ngapi. Dada akasema saa tano. Ukutani kwetu ilikuwa saa nne. Apollo akanywa chai, kisha akasema malesh, yaani samahani, bosi wa mwezi, chukua kamera, nami nakuja nawe. Bila hivyo tungefika wekundu umebaki dakika chache.

Sasa nikuambie kwa nini siwezi kufunga mlango.

Mwaka 2013, hapo Koboko, siku jua lilipoliwa, ulitufungia ndani vivyo hivyo. Ulisema tu jua linakufa, hukusema lingetufanya nini. Nikatoka kwa dirisha la nyuma. Nilikuwa nimeokota kipande cha filamu ya picha, nikaziba jicho la kushoto, nikaliangalia jua kwa la kulia mpaka likabaki kama ukucha. Halikuuma, Mama. Huo ndio ubaya wake, halikuuma hata kidogo. Asubuhi katikati ya jicho kulikuwa na doa, na doa hilo ninalo mpaka leo.

Ketty hakunichoma jicho kwa kijiti kama nilivyokuambia. Hakuwa hata karibu, alikuwa amefungiwa kwao kama watoto wote. Nilitaja jina lake kwa sababu tulikuwa tumegombana kuhusu kamba ya kuruka, na kwa sababu niliogopa fimbo yako. Ukaenda kupiga kelele mlangoni kwa mama yake, mtaa wote ukasikia. Ketty alichapwa. Watoto wakamwita Mtoboa-macho pale kisimani mpaka akaacha kuteka maji mchana. Wewe na mama yake mlikuwa mnasukana nywele kila Jumamosi, na miaka kumi na miwili hamjasalimiana. Nilikuwa naona yote. Nikala, nikalala.

Ukikasirika, kasirika. Nitakuja Krismasi unichape mbele ya mjukuu wako. Lakini Peace sitamfungia gizani bila kumwambia giza hilo ni la nini. Mwezi hauchomi jicho, anautazama sasa na kuunyooshea kidole. Linalochoma ni jua. Agosti 2027 litaliwa tena, huku Juba tutaliona limemegwa upande, na siku hiyo nitakuwa na kichujio halisi cha jua mbele ya lenzi. Watoto wa mtaa wa New Site nitawapanga mstari walione kwenye kioo cha kamera, hakuna atakayeokota filamu jalalani.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Ila salamu ya kwanza ipeleke kwa mama Ketty, pamoja na barua hii, na Philip aisome pale pale mlangoni ulipopigia kelele. Namba yangu ni ile ile. Ketty akitaka kunitukana apige, nitapokea. Sitamwambia nilikuwa mtoto. Nitamwambia tu kwamba mimi ndiye niliyedang— ngoja Mama, Apollo ananiita, anasema ukingo wa mwezi umeshaanza kuli