Makelele Yetu Bandani kwa Mama Neema

Kaka Elia, shikamoo.

Huku Kongowe, Kibaha, kuna manyunyu mepesi na kila kitu kinasinzia. Nimepita kwa Mama Neema, yule aliyetuachia banda lake la kuku tufanyie mazoezi ya bendi yetu ya roki, ile ya makelele. Siku watu wote walipotoka ukumbini pale Kwa Mathias tukiwa bado tunapiga, bendi ikavunjika, nawe ukaapa hutashika gitaa tena.

Basi, nimekuta spika bandani inapiga nyimbo zetu sisi!

"Niliwarekodi kwa simu," Mama Neema akaniambia. "Kuku waliwazoea. Nikizima wanashtuka, hawatagi."

Nikakaa juu ya gunia la pumba. Gitaa lako likanguruma kama mvua ya mbali, kuku wakafumba macho.

Ubarikiwe, kaka yangu. Jumamosi vifaranga wapya wanaletwa, na Mama Neema anauliza utakuja lini na gitaa.

Mdogo wako, Upendo