Nimekufa Kwenye Zoezi la Gesi ya Sumu

Mwenzangu, leo nimekufa saa nne asubuhi, mbele ya mkaguzi wa wizara.

Si unalikumbuka lile zoezi la kujiandaa na magaidi wa gesi ya sumu? Ndiyo leo. Na sisi tulidhani ni semina, chai na vyeti!

Mara mapokezi akaingia mzee anakohoa, nguo zimelowa, anapepesuka. Nikamdaka kwa mikono mitupu. Ningefanyaje? Miaka kumi na tisa ya uuguzi nadaka watu wanaoanguka!

Mkaguzi akanibandika karatasi nyekundu kifuani: AMEKUFA. "Sista, hiyo sumu imeshakuingia. Lala chini."

Lala chini! Kama anasoma orodha ya mahudhurio.

Nikauliza, mavazi ya kinga je? Yamo stoo. Ufunguo? Anao mtu wa stoo, na mtu wa stoo yuko likizo. Basi daktari naye akafa, mfagizi naye akafa.

Nikwambie ukweli? Sakafu ilikuwa baridi, mgongo ukanyooka. Tangu Jumatatu sijakaa. Nikasema kama kufa ndiko huku, mniache.

Dakika kumi hazijaisha, matroni huyu hapa kichwani kwangu: "Marehemu, amka. Wadi ya pili haina muuguzi."

Haina muuguzi kweli. Nikaamka, nikaenda kuchoma sindano na karatasi yangu kifuani.

Mgonjwa wa kwanza akaisoma, akanitazama. "Sista, nani amekufa?"

Nikamwambia, lete mkono.